Taaluma Iliyochelewa Kusikiliza

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa saikolojia huingia darasani kwangu, hapa Nairobi, wakitarajia nianze na Freud. Mimi huanza na Hospitali ya Mathari. Hapo zamani palitengwa wagonjwa wa ndui, hadi mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilipopageuza hifadhi ya wendawazimu. Jina la Mathari lilikuja mwaka 1924.

Mwaka 1938 hospitali ilikabidhiwa J. C. Carothers, daktari wa serikali ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Diploma aliichukua baadaye Uingereza. Kutoka kwenye wodi hizo alijipa kibali cha kulisemea bara zima. Katika kitabu chake kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alimfananisha Mwafrika mwenye akili timamu na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, katikati ya hali ya hatari, serikali ilichapa ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Humo uasi ulielezwa kama msukosuko wa nafsi, na mpango wa kuwakusanya Wakikuyu vijijini ukaungwa mkono. Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjibu mwaka 1961.

Huwagawia wanafunzi aya moja ya ripoti hiyo bila jina la mwandishi. Daima atatokea mmoja wa kuuliza, “Mwalimu, huyu aliongea na nani?” Hapo somo langu limeanza.

Wakenya wengi walikutana na saikolojia kwa sura nyingine baada ya bomu la tarehe 7 Agosti 1998, lililoua zaidi ya watu 200 jijini. Washauri nasaha waliketi na wafiwa na majeruhi. Kisha UKIMWI ukaleta vituo vya ushauri nasaha na upimaji wa hiari (VCT), ambako mtu alizungumza na mshauri kabla ya kutolewa damu na tena alipopewa majibu. Sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ilikuja mwaka 2014, miaka 60 baada ya ripoti ya Carothers.

Wanafunzi wangu wakienda mazoezini, ukurasa wa kwanza wa faili lazima uwe na maneno ya mteja, kama alivyoyatamka. Anayeniletea faili linaloanza na jina la ugonjwa, namrudishia.