Kabla ya kuwa biashara, sola ilikuwa ya mwalimu wa sekondari

Bumu halijaingia, nina prezentesheni mbili wiki ijayo, na bado nimekaa kwenye kimbweta tangu saa tisa mchana nikisoma kitu ambacho hakipo kwenye mtihani wowote. Nilikuwa natafuta habari za shule za harambee za Kenya kwa ajili ya somo la historia ya elimu, nikaangukia historia ya ofisi ya washauri wa umeme wa jua. Nikaona nisiimalize peke yangu.

Kwanza tumalize ule utani wenu. Ndiyo, sisi watu wa Songea tumeingia gridi ya Taifa mwaka 2018, kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako, yapata kilometa 250, na Rais Magufuli akaja kuizindua Aprili 2019. Mcheke, ruksa. Lakini jiulizeni mji ulikuwa unaishije kabla ya hapo. Ulikuwa unaishi kwa mashine za dizeli. Na dizeli ya Songea ilikuwa inasafiri kwa lori kutoka Dar, inapita Morogoro, Iringa, Makambako, Njombe, inakata milima mpaka inafika kwetu, karibu kilometa elfu moja. Yaani tulikuwa tunachoma mafuta ili kusafirisha mafuta ya kuchoma. Nani alipiga hesabu hiyo akaona sawa, mimi sijui, lakini iliendelea miaka mingi sana. Na hesabu hiyo hiyo, kwa kiwango kidogo, iliwahi kupigwa kwenye shule moja ya kijijini Kenya mwaka 1984, na jibu likawa tofauti. Hapo ndipo stori inapoanzia.

Shule yenyewe ni Karamugi Harambee Secondary School, kule Meru, upande wa Mlima Kenya. Wanaosoma ualimu mnajua maana ya shule ya harambee: wazazi wanachanga, wanajenga, na kila shilingi inaulizwa imeenda wapi. Shule ilitaka taa ili wanafunzi wasome usiku. Wazo la kwanza lilikuwa kununua jenereta, na nani angefikiria kingine wakati ule? Pale shuleni alikuwepo mwalimu wa kujitolea wa Peace Corps, Mmarekani, anaitwa Mark Hankins. Naye alimfahamu Mmarekani mwingine, injinia Harold Burris, aliyekuwa anahangaika na paneli za jua maeneo hayo ya kahawa kupitia kijikampuni chake, Solar Shamba. Wakawaambia wakubwa wa shule: jenereta ni rahisi kununua lakini ni ghali kulisha. Itataka mafuta kila wiki, itataka spea, itataka fundi, na siku ada zikichelewa mtalala gizani mkiwa na mashine nzima stoo. Paneli zinakuumiza siku unayonunua, baada ya hapo jua halina bili.

Shule ikakubali. Paneli juu ya bati, betri ndani, taa madarasani. Mchana jua linajaza betri, usiku betri inawasha taa. Basi, hakuna maajabu zaidi ya hayo.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niache desa la saikolojia. Watu wa jirani walikuja kuangalia. Wakulima wa kahawa wenye hela ya msimu walitaka vya kwao nyumbani. Na walimu! Jamani, walimu ndio walikuwa wateja wazuri wa mwanzo. Mwalimu ana mshahara wa kila mwezi hata kama ni mdogo, ana madaftari ya kusahihisha usiku, na anakaa kijijini ambako nguzo hazifiki. Mimi bibi yangu anaishi kijijini Namtumbo, likizo za utotoni nilisoma kwa kibatari, asubuhi ukipenga kamasi zinatoka nyeusi. Kwa hiyo namwelewa yule mwalimu wa Meru kabisa, wala sihitaji utafiti wa kunithibitishia.

Hankins akapata hela kutoka USAID, taa zikawekwa kwenye shule nyingine tatu. Lakini hawakuja mafundi wa Nairobi wakafunga na kuondoka. Kila kazi ya kufunga ilikuwa darasa pia: vijana wa eneo lile walifundishwa kupanda juu ya bati, kupima waya, kuangalia betri. Shule zilipomalizika, mafundi walibaki, na fundi mwenye ujuzi na njaa anatafuta kazi, anaenda nyumba hadi nyumba kushawishi. Soko la sola la Kenya lilianza namna hiyo, likatembea kwa miguu ya mafundi.

Burris alikuja kwetu pia, na hili sikulijua kabisa. Mwaka 1993 kule Karagwe, mpakani na Rwanda na Uganda, chama cha maendeleo cha KARADEA kilianzisha kituo cha mafunzo ya sola, na Burris akaenda kufundisha huko. Watu walitoka nchi mbalimbali za Afrika kuja kusoma sola Karagwe. Karagwe, wadau! Sisi tunaofikiri ujuzi wote unateremkia uwanja wa ndege wa Dar.

Wakati huo huo, miaka hiyo ya 1990, Nairobi ikapata ofisi iliyoitwa Energy Alternatives Africa, na Hankins alikuwa katikati yake. Hii ndiyo ofisi ya washauri ninayoizungumzia. Mshauri wa nishati hauzi paneli. Anauza kujua. Benki ya Dunia au serikali fulani inataka kuelewa watu wa vijijini wanatumiaje umeme wa jua, inamlipa, yeye anatuma watu na madaftari wakahesabu. Utafiti wao mmoja mkubwa, uliochapishwa 1998 kwa majina ya Robert van der Plas na Hankins, uliingia kwenye nyumba 410 za Kenya zenye sola. Picha iliyotoka ilishangaza wakubwa. Wengi walinunua kwa pesa taslimu mkononi, bila mkopo wala mfadhili. Walinunua kidogo kidogo: kwanza betri na redio au TV, wanaenda kuchaji betri mjini, mwaka mwingine ndio wanaongeza kipaneli kidogo. Na kilichokuwa kinakufa mapema ni betri.

Kuna kitu hapa kinachekesha. Mwaka 1998 ukaanza mradi mkubwa wa shirika la IFC, unaitwa PVMTI, uliotenga dola milioni 5 kwa Kenya ili kukuza soko la sola kwa mikopo. Ulisuasua miaka na miaka. Soko lenyewe halikuusubiri. Kufika katikati ya miaka ya 2000 nyumba zaidi ya 200,000 za Kenya zilikuwa zimeshanunua sola, wengi wao dukani kama mtu anavyonunua bati.

Ila dukani kuna uhuni wake. Paneli nyingi za bei rahisi zilikuwa ndogo, za wati kumi na kitu, na mnunuzi hana namna ya kujua kama wati zilizoandikwa nyuma ni za kweli. Mwaka 1999 watafiti, wakiwemo watu wa ofisi hii ya Nairobi, walizipima. Brandi moja ikakutwa inatoa pungufu mno ya ilivyoandikwa. Matokeo yakatangazwa, hali ikawa afadhali, halafu vipimo vya 2004 na 2005 vikakuta nyingine mbovu zimeingia sokoni. Ukiniuliza mimi, kazi hii ya kupima ni ya maana kuliko ripoti zote walizoandika. Mama wa kijijini aliyeuza mbuzi wawili akanunua paneli hana maabara.

Sasa kwa nini Kenya walikimbia na sisi tukabaki nyuma? Hatukukosa watu. TaTEDO ipo tangu 1990, na chama cha sola, TASEA, kilianzishwa 2000, ndicho leo kinaitwa TAREA. Sababu moja naiona kwenye zile betri. Kenya watu walinunua sola kwa ajili ya TV, taa ilifuata. Tanzania Bara hatukuwa na kituo chochote cha televisheni mpaka miaka ya 1990. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara hapana. Utamshawishi vipi mtu wa Mbinga mwaka 1988 auze kahawa anunue paneli, wakati hakuna cha kuangalia? Lingine ni mfuko: miaka ya 1980 dukani kwetu hata sabuni ilikuwa ya foleni. Wazee wakianza hizo stori za dukani kwetu mnajua hazina mwisho, kwa hiyo tuendelee.

Ofisi ya Nairobi ilikua, na kukua kwenyewe hakukuwa mstari ulionyooka. Miaka ya 2000 iliingia mikononi mwa kampuni ya ushauri ya Uingereza iliyoitwa ESD, kisha ESD nayo ikaingia ndani ya Camco, kampuni iliyojikita kwenye biashara ya hewa ukaa na hisa zake zikiuzwa London. Tafakari hiyo safari: taa za madarasa ya Karamugi mpaka soko la hisa la London, kwa kama miaka ishirini na kitu. Kwa upande wa Tanzania ndiyo hao hao walioendesha mradi wa sola wa Sida na Wizara ya Nishati na Madini ulioanza 2005. Na walifanya nini? Kile kile cha Meru, kwa ukubwa zaidi: kufundisha mafundi mikoani, kuwafundisha wenye maduka, kuwaunganisha na waagizaji wa Dar. Baadaye Hankins akatoka, akaanzisha kampuni nyingine hapo hapo Nairobi, African Solar Designs. Majina ya ofisi yalibadilika kama majina ya bendi za dansi, ila wanamuziki ni wale wale.

Naona nguvu ya ofisi ile haikuwa kwenye ripoti wala kwenye London. Ilikuwa kwamba ilizaliwa na mtu aliyewahi kusimama ubaoni, akajua kwamba kitu usichomfundisha mtu kukitengeneza kitakufa siku utakayoondoka. Wako watakaobisha, watasema bei ya paneli iliyoshuka ndiyo iliyofanya kazi, na kampuni za kulipa kidogo kidogo kwa simu kama M-KOPA, iliyoanza kuuza Kenya 2012. Ni kweli zimefika mbali. Lakini mwaka huo huo wa 2012 serikali ya Kenya ilitoa kanuni kwamba anayefunga sola lazima awe fundi mwenye leseni. Hata serikali ilishaona wapi panavuja.

Na Songea je? Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole walizindua mtambo wao wa maji wa Tulila, kwenye mto Ruvuma, megawati 5, wakaanza kuiuzia TANESCO. Masista! Mji wa dizeli ukaanza kunywa umeme wa mto wa jirani miaka mitatu kabla ya gridi kufika. Halafu ile njia ya Makambako iliyotutoa kwenye dizeli ilifadhiliwa na Sida, Waswidi wale wale waliolipia mafundi wa sola. Mkono mmoja unakuletea nguzo, mwingine unakufundisha kuishi bila nguzo. Mimi sioni ubaya, maana nguzo zimefika Songea mjini, kwa bibi Namtumbo bado taa ni ya jua.

Mwakani wengi wetu tunaenda fildi, na baadhi mtapangiwa shule zenye paneli juu ya bati na giza ndani. Msikimbilie kusema paneli mbovu. Tafuteni betri ilipo. Kama ni zile za maji, fungueni vizibo muangalie: mara nyingi maji yamekauka kwa sababu aliyefunga aliondoka na hakumwambia mtu kwamba yanaongezwa. Yanauzwa sheli, ni maji safi ya betri, siyo ya bomba. Kama bado haiwaki, waulizeni wanafunzi wa kidato cha tatu nani kijijini anajua sola. Huwa yupo.