Bodaboda Inayojipiga Resi Yenyewe: Watu Wasio na Majina, Kutoka Budapest Hadi Mabamba

Ukishuka Mabamba, wilayani Kibondo, kabla hujauliza mpaka uko wapi masikio yameshakupa jibu: pikipiki. Zinapanda na magunia ya maharage, zinashuka na abiria wawili na kuku miguu juu. Mabamba ni mji mdogo wa mpakani, ng'ambo ni Gisuru, upande wa Burundi. Kiha cha huku na Kirundi cha kule ni lugha ndugu, kwa hiyo dereva anapatana nauli na mtu wa ng'ambo bila kutafuta mkalimani.

Katikati ya kelele zote hizo kuna mlio mmoja ambao fundi akiusikia anageuka hata kama ana chapati mdomoni. Pikipiki imesimama, gia iko huru, hakuna aliyeshika mkono wa resi, lakini injini inaunguruma kama inapandisha mlima na mzigo. Kijiweni wanasema sailensi iko juu. Injini nyingi za bodaboda zikipata moto zinatakiwa kutulia kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, mlio wa kumruhusu abiria aongee na simu. Hii ya kwetu inampigia kelele mpaka anakata simu.

Dawa inayojulikana ni moja tu: bisibisi. Kabureta ina skrubu ndogo ya sailensi. Ukiikaza injini inapanda, ukiilegeza inashuka. Dereva anailegeza, mlio unatulia, anapakia mtu anaondoka. Kesho yake imepanda tena. Anailegeza tena. Wiki inaisha skrubu imelegea hadi inakaribia kudondoka, na kelele iko palepale.

Sasa kama skrubu haijaguswa na mtu usiku, nani kapandisha sailensi? Hapo inabidi kurudi nyuma kidogo, kwa watu ambao hakuna anayebandika picha zao ukutani.

Injini ya petroli haiunguzi petroli ikiwa majimaji. Inataka petroli iliyopulizwa ikawa ukungu, ikachanganywa na hewa kwa kipimo. Mwaka 1893 wahandisi wawili wa Budapest, Donát Bánki na János Csonka, walisajili kifaa cha kufanya kazi hiyo. Miaka hiyohiyo Mjerumani Wilhelm Maybach naye alikuwa na cha kwake, na ubishi wa nani kaanza bado upo, kama ubishi wa Simba na Yanga. Hao wote majina yao yamo vitabuni. Ila Wahungari wana simulizi yao maarufu: wazo lilikuja baada ya kumwona binti muuza maua akipuliza maji kwa mdomo juu ya maua yake yasinyauke, yale maji yakatoka kama ukungu. Inawezekana stori imetiwa chumvi, stori za wagunduzi ndivyo zilivyo. Lakini angalia mgawanyo wa sifa: waliopewa hati wana majina, muuza maua hata jina la kubahatisha hakupewa.

Mshike huyo binti, tutamrudia.

Kabureta, kwa lugha ya kijiweni, ni mizani ya hewa na petroli. Ukiachia resi, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani yake kinaziba njia karibu yote, injini inabaki inapumua kwa upenyo mdogo sana. Ndiyo maana inatulia. Ikitokea hewa ikapata mlango mwingine wa kuingilia, mlango ambao kabureta haiujui, injini inapata pumzi ambayo dereva hakuiruhusu. Inapanda yenyewe. Na skrubu haiwezi kufunga mlango usio wake.

Kundi la pili la watu wasiojulikana lilikuwa Japani. Kampuni ya Honda ilikuwa inauza pikipiki kwenye nchi zinazoendelea na zinakufa mapema. Wahandisi wake wakaenda kuona zinavyotumika. Walichokikuta ungekikuta hata leo Kibondo: oili haibadilishwi mpaka iwe uji mweusi, chujio la hewa halisafishwi, na pikipiki ya watu wawili inabeba wanne na mzigo. Wangeweza kurudi nyumbani kuandika kitabu cha kuwafokea wateja. Wao wakabadilisha injini. Waliondoa ule mnyororo wa ndani wa kuzungusha mfumo wa valvu, unaoteseka oili ikichoka, wakarudisha fito za kusukuma, teknolojia iliyoonekana ya kizamani lakini mvumilivu. Mwaka 1976 ikatoka CG125. Ni nadra kiwanda kumsikiliza mtumiaji kiasi hicho, na heshima yao wapewe, japo kwenye vijiwe vyetu hakuna anayemjua hata mmoja wao.

Miaka ikaenda, viwanda vya China, hasa vya jiji la Chongqing, vikaishika injini ya namna hiyo na kuitoa kwa wingi na kwa bei ya chini. Kama ulipanda SanLG au T-Better enzi zile bodaboda zinaanza kushika mji, kuna uwezekano mkubwa ulikalia mjukuu wa CG125. Boxer na TVS za India zilikuja kuchukua nafasi kubwa baadaye, na ukoo wao ni mwingine, lakini zilizokuja na kabureta zinaugua ugonjwa huuhuu.

Maana kitu kimoja wale Wajapani hawakuweza kukizuia: mpira. Kati ya kabureta na injini kuna kipande cha kuunganisha, chenye mpira, oringi au gasketi ya kuzuia hewa. Pale pana joto la injini upande mmoja na mtikisiko wa barabara ya changarawe kila siku. Mpira unakauka, unapata ufa mwembamba kama unywele, hewa inapenya. Huo ndio mlango wa siri. Injini inapanda, inachemka kupita kawaida kwa sababu hewa imezidi petroli, na ukifungua plagi unaikuta nyeupe badala ya kahawia.

Sasa kwa nini ufa wa mpira wa bei ndogo unaachwa miezi? Hapa historia inageuka kuwa ya pesa.

Neno boda lenyewe ni la mpakani. Lilianzia Busia, kati ya Kenya na Uganda, miaka ya 1960, vijana wakivusha watu kwa baiskeli kutoka boda hadi boda. Tanzania pikipiki za abiria zilibeba watu kwanza, sheria ikafuata nyuma: kanuni za leseni za pikipiki na bajaji zilitoka mwaka 2010, chini ya SUMATRA, ambayo mwaka 2019 ilipisha LATRA. Kwa hiyo kwenye mji kama Mabamba kazi ile ni ya mpakani kwa asili yake, imerudi tu nyumbani ikiwa na injini.

Pamoja nayo ukaja utaratibu ambao kila dogo wa mjini anaujua: hesabu. Pikipiki ni ya tajiri, dereva anapeleka hesabu kila siku, kinachobaki ndiyo chake. Wenye bahati wana mkataba, wanalipa mpaka chombo kiwe chao. Kwenye mpango huo, mpira wa kabureta ni wa nani? Tajiri anaona dereva kauharibu, dereva anaona chombo si chake. Kumpa fundi nusu siku atafute tatizo ni kupoteza nusu ya hesabu, wakati kulegeza skrubu ni dakika moja na wakati mwingine bure. Sailensi ikikaa juu mwezi mzima, mara nyingi ujue ni ugomvi wa watu wawili juu ya kitu kinachoenea kiganjani.

Kuna na hali ya hewa. Kule ni nyanda za juu, alfajiri ina baridi ya kukunja vidole. Injini haitaki kushika, dereva badala ya kuvuta choki na kusubiri, anakaza skrubu isizime. Saa nne jua limewaka, injini imepata moto, skrubu imesahaulika. Au petroli ya kwenye chupa imeingiza uchafu, tundu dogo la sailensi likaziba, pikipiki ikawa inazimazima, skrubu ikakazwa. Uchafu ukitoka wenyewe njiani, injini inapaa.

Nani anaumia? Teremka kilima chenye utelezi na mama mjamzito nyuma, utajua. Injini iliyotulia inakusaidia kushika pikipiki ukiachia resi. Yenye sailensi juu inaendelea kusukuma, breki zinabaki peke yake. Ukiingiza gia ya kwanza inagonga na kuruka mbele. Ikitokea ajali watu wanasema bodaboda hawana akili, wanapenda mwendo. Wapo wa hivyo, ndiyo. Lakini hakuna anayeinama kuangalia mpira.

Fundi mzuri wa kijiweni, yule anayeitwa "fundi" tu mpaka anazeeka, anaanza kwa kuzuia mikono yake isiguse bisibisi. Anaangalia kwanza choki kama imerudishwa. Halafu, injini ikiwa inawaka, anageuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda kwenye kona, tatizo ni waya wa resi: umebana, umepitishwa vibaya au umekosa ule ulegevu kidogo unaotakiwa. Anavuta resi na kuachia, anasikiliza mkono kama unarudi kwa kishindo au kwa kujivuta. Vumbi likijaa kwenye kabureta, kipande cha ndani kinakwama njiani. Resi ikishuka taratibu kama mtu asiyetaka kuamka, hapo anaanza kuushuku mpira.

Ndipo anapochukua chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari. Anapuliza ukungu wa maji kwenye maungio ya kabureta, kidogo kidogo, huku ameinamisha sikio. Wapo wanaopuliza petroli. Huo ni uchizi, injini ina moto. Maji yanatosha. Yakifika kwenye ufa yanauziba kwa sekunde moja, na mlio unabadilika papo hapo. Kakamatwa. Ni ukungu uleule wa binti wa maua, ila safari hii hakuna wa kusajili hati.

Mpira mpya ukikosekana Mabamba inabidi uagizwe Kibondo mjini. Wakati wa kusubiri fundi anakata kipande cha tyubu, anakifunga kwa waya juu ya ufa, anarudisha skrubu mahali pake, injini inatulia. Anamwambia dereva wazi kwamba hiyo ni ya siku chache, joto litaila. Dereva anampigia tajiri kuomba hela ya mpira, anaweka spika ili fundi naye asikie. Jibu linakuja kabla hajamaliza kueleza:

"Si ulegeze tu ile skrubu?"