MATLAB Ilianza Bure

Wasee, kila muhula naona mainjinia wa kesho wakitafuta MATLAB ya kuibia mtandaoni, wengine wanabeba virusi kwa laptopu. Wacha niwape historia kidogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler alikuwa anafundisha hesabu Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani. Programu kali za kukokotoa matriksi zilikuwepo tayari, LINPACK na EISPACK, lakini kuzitumia ilibidi ujue kuandika Fortran. Moler hakutaka wanafunzi wake wateseke hivyo, akatengeneza MATLAB. Unaandika amri moja, jibu linatoka. Na aliipeana bure.

Mwaka wa 1984 yeye na Jack Little wakaanzisha kampuni ya MathWorks, MATLAB ikawa ya kuuzwa. Sina noma na hiyo, watu lazima walipwe.

Lakini shida ile ile ikarudi. Wanafunzi wa uhandisi wa kemikali walikuwa wanapoteza saa nyingi wakirekebisha Fortran badala ya kusoma kemikali. John W. Eaton akaanza kuandika GNU Octave mwaka wa 1992, akaipa jina la profesa aliyemfundisha, Octave Levenspiel. Lugha yake inafanana sana na ya MATLAB, na ni bure mpaka leo.

Mimi naona hivi: hizi programu zote mbili zilizaliwa ili mwanafunzi asikwame. Kwa hivyo muulizeni mwalimu wenu kama atakubali kazi ya Octave. Hakuna mtu anafaa kukosa alama juu ya leseni.