Bolti ikigoma kuingia, usiilazimishe kwa spana

KUBADILISHA shokapu za mbele ni kazi ambayo baadhi ya wamiliki wa magari mijini huifanya wenyewe nyumbani ili kupunguza gharama za gereji. Mara nyingi tatizo hujitokeza wakati wa kurudisha, pale bolti inapokataa kuingia katika tundu lake, au inapoingia kidogo kisha ikakwama.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huchukua spana ndefu na kuzungusha kwa nguvu. Nyuzi za bolti, yaani michirizi inayozunguka mwili wake, hupanda juu ya nyuzi za nati badala ya kuingia katikati yake. Chuma hukatika, na bolti huonekana imekaza kumbe haikubana kitu.

Hatari hiyo haionekani gari likiwa limesimama. Bolti hizo ndizo zinazounganisha shokapu na chuma kinachobeba gurudumu. Zikiachia barabarani, gurudumu hupoteza mwelekeo na dereva hushindwa kulimudu gari.

Matundu yasipolingana

Gari likiinuliwa kwa jeki, magurudumu huning'inia na vyuma vinavyoyashika hushuka. Likiinuliwa upande mmoja tu, chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, ambacho huunganisha pande zote mbili, hujipinda na kusukuma vyuma vingine nje ya mahali pake.

Inafaa kuinua pande zote mbili za mbele na kulikalisha gari juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki pekee. Kisha jeki nyingine huwekwa chini ya mkono wa chini wa gurudumu na kupandishwa taratibu mpaka matundu yatazamane. Bisibisi nene inaweza kupitishwa kuyaongoza, lakini bolti isigeuzwe kabari, wala kidole kisiingizwe tunduni kupima.

Vidole kabla ya spana

Bolti au nati ianzishwe kwa vidole, angalau mizunguko mitatu. Njia nzuri ni kuizungusha kwanza upande wa kufungulia hadi isikike ikidondoka kidogo. Hapo nyuzi zimekutana, nayo igeuzwe upande wa kukazia. Nati zenye pete ya nailoni huwa nzito zikifika kwenye pete hiyo, lakini mwanzo wake nao unapaswa kuwa mwepesi.

Bolti zisichanganywe pia. Mbili zenye unene wa milimita 12 huweza kufanana kwa macho, huku moja ikiwa na milimita 1.25 kati ya uzi na uzi na nyingine 1.5. Ndiyo tofauti iliyopo kati ya bolti za magurudumu za magari mengi madogo ya Nissan na zile za Toyota.

Nyuzi zikiharibika

Bolti iliyopanda vibaya ifunguliwe mara moja. Kama hupita upande wa pili na kufungwa kwa nati, vyote viwili vibadilishwe kwa vipya vyenye kipimo na daraja lile lile, mfano 8.8 au 10.9, namba inayosomeka kichwani mwa bolti.

Kama uzi umo ndani ya chuma chenyewe na umeumia kidogo, husafishwa kwa tapu ya kipimo hicho pamoja na oili, ikizungushwa nusu mbele na robo nyuma. Ukiwa umekwisha kabisa, tundu hutobolewa upya na kuwekwa uzi wa kupachika, kazi inayostahili fundi mwenye vifaa. Kuchomelea hakufai, kwani joto hudhoofisha chuma.

Bolti zinazopita katika bushi za mpira hukazwa kwa mara ya mwisho uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari husika. Baada ya hapo, ulinganifu wa magurudumu upimwe kabla gari halijarejea katika safari za kila siku.