Farasi wa Moto

Wapo wasomaji ambao wakinunua gazeti hukimbilia kwanza ukurasa wa nyota. Siwacheki. Lakini juma hili nataka tutazame nyota za Kichina, na jinsi zilivyoitikisa nchi nzima.

Wengi tumesikia habari za wanyama 12 wa Wachina: panya, ng'ombe, sungura, nyoka, farasi na wenzao, kila mmoja na mwaka wake. Lakini mnajimu wa huko haridhiki na mnyama. Hukuuliza mwaka, mwezi, siku na saa uliyozaliwa. Kila kimoja huandikwa kwa herufi mbili, jumla nane, na mnyama wa mwaka ni herufi moja tu kati ya hizo. Ukipiga hesabu, michanganyiko yake hupita 500,000. Hata mwaka wa mnajimu huanza karibu na tarehe 4 Februari, si siku ya sikukuu ya Mwaka Mpya. Basi mtoto wa siku hizo za katikati aweza kuwa nyoka mtaani na farasi kwa mnajimu!

Wajapani waliipokea kalenda hiyo kutoka China. Ndani yake, kila baada ya miaka 60, huja mwaka wa Farasi wa Moto. Japani ikaaminika kwamba mwanamke aliyezaliwa mwaka huo humfupishia mumewe maisha. Wasichana wa mwaka 1906 walipokua, baadhi yao walikataliwa na wachumba kwa sababu hiyo.

Ukaja mwaka 1966. Mwaka 1965 walizaliwa watoto wapatao 1,820,000. Mwaka 1966 wakashuka hadi 1,360,000, na mwaka 1967 wakapanda tena kupita 1,900,000. Hapakuwa na vita wala njaa. Hii ndiyo Japani iliyokwisha kuzindua treni ya mwendo kasi mwaka 1964! Wazazi walihofu tu kwamba binti yao hataolewa. Sidhani wote waliamini. Wengi waliogopa majirani wanaoamini.

Farasi wa Moto amerudi mwaka huu wa 2026. Nami nauliza: ikiwa mnajimu mwenyewe hathubutu kusema mpaka apate herufi nane, sisi twapata wapi ujasiri wa kumhukumu binti wa watu kwa mwaka wake tu? Ndugu zangu, imani nusu ina madhara kuliko imani nzima.