Buigiri, Uhuru, Buhangija: mtoto asome wapi?

Ugogo ni nchi ya vumbi na maji ya shida, na kwa vizazi vingi vikope vimepofusha watu huko. Ndiko Kanisa la Anglikana lilikofungua, mwaka 1950, shule ya wasioona ya Buigiri, mashariki ya mji wa Dodoma.

Mzazi wa enzi zile hakuwa na la kuchagua: bweni, au mtoto akae nyumbani bila shule. Madhehebu mengine yalifuata njia hiyohiyo. Wakatoliki walifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, na Jeshi la Wokovu shule ya wenye ulemavu wa viungo Dar es Salaam mwaka 1967.

Bweni lilikuwa na sababu zake. Anayeandika nukta nundu kwa mkono hubana karatasi nene kwenye kibao chenye vijidirisha, kila kimoja cha nukta sita, akatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa. Akimaliza huipindua karatasi, kisha vidole vinasoma vinundu kutoka kushoto. Mwalimu asiyeujua ufundi huo hawezi kuufundisha, na waliokuwa wakiujua walikuwa wachache mno. Mtoto ndiye aliyewafuata, akaacha mama, lugha ya nyumbani na wenzake wa kuchunga nao.

Mwaka 1966 shule ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, ilianza kusomesha wasioona pamoja na wanaoona. Hapo mzazi akapata njia ya pili, japo kwa waliokuwa mbali na Dar es Salaam ilibaki habari ya kusikia.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ilitamka kwamba mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale mawasiliano maalumu yanapohitajika. Ni agizo jema, lakini darasa lisilo na kibao wala mwalimu wa nukta nundu haliwi jumuishi kwa kuitwa hivyo.

Kabla ya sheria hiyo yalikuwa yamekuja mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoshika kasi kuanzia 2007. Watoto wenye ualbino walikimbiziwa shule za bweni za Buhangija mjini Shinyanga na Mitindo wilayani Misungwi. Wengi wao wangeweza kusoma kijijini kwao wakipewa miwani, maandishi makubwa, kofia na dawati la mbele. Walipelekwa bweni kwa kuwa nyumbani hapakuwa salama, na wako waliokaa huko miaka bila kutembelewa na mzazi.