Ndege ya visiwa vya Orkney: wenye kampuni wanabadilika, wakaaji wanabaki

Kaskazini mwa Uskoti kuna safari ya ndege inayojulikana kuwa fupi kuliko zote zenye saa yake ya kila siku duniani. Inatoka kisiwa cha Westray na kushuka kwenye kisiwa cha Papa Westray. Umbali ni kilometa 2,7. Kwenye karatasi ya masaa imeandikwa dakika mbili, lakini siku moja, kwa upepo muzuri, piloti mumoja aliimaliza kwa sekunde 53. Watalii wanatoka mbali kuja kuipanda, na wanarudi kwao na cheti.

Kwa wakaaji wa Papa Westray, ambao ni karibu 90 tu, ndege hiyo si muchezo. Munganga anakuja nayo. Mugonjwa anaondoka nayo. Mwalimu wa kuzunguka visiwa anaipanda asubuhi na kurudi jioni. Kwa miaka mingi hata mutumishi wa banki alikuwa akiipanda, akishuka kisiwa kimoja kisha kingine, ili wazee wapate pesa zao bila kuvuka bahari. Orkney ina visiwa karibu 70, na kama 20 hivi ndivyo vyenye watu. Muji wake mukubwa, Kirkwall, ndio wenye hospitali, soko na ofisi za serikali. Bahari ya huko inachafuka sana wakati wa baridi, na kuna siku meli hazitoki.

Katika miaka karibu 90, wenye ndege hizo wamebadilika mara nyingi: kapiteni mumoja mwenye bidii, kisha serikali, kisha mujenzi wa barabara na madaraja, kisha banki, kisha kampuni kubwa ya ndege, kisha wafanyakazi wakubwa wa kampuni yenyewe, kisha ndugu wawili matajiri. Kila mara wakaaji wa visiwa walijiuliza swali lile lile: huyu mupya naye atatuacha?

Kapiteni aliyezunguka mashamba

Hadisi inaanza na Kapiteni Edmund Fresson. Alikuwa piloti wa vita ya kwanza ya dunia, na nyuma ya vita alipata mukate wake kwa kupandisha watu kwenye ndege ndogo katika sikukuu. Alipofika Orkney aliona jambo ambalo wakaaji walilijua tangu zamani: kati yao na inchi kubwa kuna mukono wa bahari wenye mikondo mikali, na kila safari ni kubahatisha.

Tarehe 8 Mei 1933, kampuni yake, Highland Airways, ilianza kusafirisha watu kati ya Inverness na Kirkwall. Hakukuwa na viwanja. Fresson mwenyewe alitembea mashambani, akaongea na wakulima, akachagua majani yaliyokuwa sawasawa na yasiyokuwa na mawe. Mwaka uliofuata alianza kushuka pia kwenye visiwa vidogo vya kaskazini. Tarehe 29 Mei 1934 akapata kazi ya kubeba barua kwa bei ya kawaida ya posta, bila kuongeza kitu kwa sababu ya ndege. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza ndani ya Uingereza.

Katika mwezi huo huo wa Mei 1933, upande wa magharibi, jambo lingine lilitokea. Muvuvi wa kisiwa cha Islay alipatwa na ugonjwa mukali wa tumbo. Ndege ya kampuni ingine ndogo ilimubeba tarehe 14 Mei hadi karibu na Glasgow, akafika hospitalini. Hiyo inahesabiwa kuwa safari ya kwanza ya ndege ya wagonjwa katika Uskoti. Tangu siku ile watu wa visiwa walijua kwamba ndege inaweza kuwa tofauti kati ya kupona na kuzikwa.

Serikali inachukua, visiwa vidogo vinasahauliwa

Vita ya 1939 ilisimamisha safari za visiwa vidogo. Vita ilipoisha, serikali ya Uingereza iliamua kwamba ndege za abiria ziwe mali ya taifa. Tarehe 1 Februari 1947 kampuni za Uskoti ziliingizwa ndani ya shirika la serikali, British European Airways, kwa kifupi BEA. Mwaka wa 1948 Fresson aliondolewa kazini.

Mupango huo ulikuwa na uzuri wake. BEA ilikuwa na ndege kubwa na pesa, na iliendelea kufika Kirkwall, Shetland na visiwa vikubwa vya magharibi. Iliendelea pia kubeba wagonjwa. Lakini ndege kubwa inahitaji kiwanja kikubwa na abiria wengi. Papa Westray haina hivyo viwili. Kwa hiyo visiwa vidogo vya Orkney vilirudi kwenye meli, na vilikaa hivyo kwa zaidi ya miaka 25. Watoto walizaliwa, wakakua na kuoa bila kuona ndege ya abiria ikishuka kwenye mashamba ambako Fresson alishukaga.

Hapo kuna somo moja ambalo watu wa Orkney hawakulisahau. Kusema kwamba kampuni ni ya serikali hakutoshi. Serikali iliyo mbali inaweza kusahau kisiwa kidogo kama vile tajiri anavyoweza kukisahau.

Mujenzi wa daraja na banki

Aliyerudisha ndege hakuwa mutu wa ndege. Willie Logan alikuwa na kampuni ya ujenzi kaskazini mwa Uskoti. Kazi zake zilitawanyika, na njia zilikuwa mbaya, basi akaona afazali awe na ndege yake ya kubeba wafanyakazi. Tarehe 1 Februari 1962, miaka 15 kamili nyuma ya siku BEA ilipochukua zote, Loganair ilianza na ndege ndogo moja aina ya Piper Aztec. Kampuni yake ya ujenzi ndiyo ilipewa kazi ya daraja kubwa la muto Tay, pale Dundee.

Logan hakuona daraja hilo likifunguliwa. Mwezi wa Januari 1966 alikufa katika ajali ya ndege karibu na Inverness, akiwa abiria katika ndege ya kukodi ya kampuni ingine. Daraja lilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule.

Wengi wangefikiri kwamba Loganair itakufa pamoja naye. Haikufa. Mwezi wa Septemba 1967 ilianzisha safari za kuunganisha Kirkwall na visiwa vya kaskazini vya Orkney. Ndege iliyofanya kazi hiyo iwezekane ilikuwa mupya: Islander, iliyotengenezwa na Britten-Norman katika kisiwa cha Wight. Ina injini mbili na mabawa juu ya vichwa vya abiria, inabeba watu kama nane pamoja na piloti, na inaweza kushuka kwenye uwanja mufupi wa majani au wa changarawe. Ni ndege ya kazi, kama vile mutumbwi ni chombo cha kazi: haina urembo, lakini inafika.

Mwaka wa 1968 Loganair ilinunuliwa na banki, National Commercial Bank of Scotland. Mwaka uliofuata banki hiyo iliungana na Royal Bank of Scotland. Banki kuwa mwenye ndege ni jambo la ajabu kidogo, lakini kwa visiwa ilikuwa bahati. Banki ilikuwa na mutaji, na iliishika kampuni kwa miaka 15. Katika miaka hiyo Loganair ilichukua pia kazi ya kubeba wagonjwa kutoka visiwa, kazi ambayo BEA iliiacha mwaka wa 1973.

Mikono mingi katika miaka michache

Mwaka wa 1983 banki iliuza. Munuzi alikuwa kundi la British Midland, lililokuwa na kampuni zingine pia. Loganair ikakua, ikapata ndege kubwa zaidi, ikaenda miji ya mbali kama Manchester. Lakini kukua kwa haraka kulileta hasara. Mwaka wa 1994 kundi lilipanga mambo upya: njia kubwa zilihamishiwa kampuni nduguye, na Loganair ikabaki na ndege ndogo na safari za ndani ya Uskoti. Mwaka ule ule ilianza kuruka kwa jina na rangi za British Airways, kwa mukataba, ingawa haikuwa mali ya British Airways.

Mwaka wa 1997 wakubwa wa kampuni wenyewe, wakiongozwa na Scott Grier, waliinunua. Mwaka wa 2008 walibadilisha jina lililoandikwa kwenye ndege: wakaacha British Airways, wakachukua Flybe. Mwaka wa 2012 ndugu wawili, Stephen na Peter Bond, wakainunua. Tarehe 1 Septemba 2017, nyuma ya miaka zaidi ya 20 ya kuvaa nguo za wengine, Loganair ilianza kuruka kwa jina lake yenyewe. Flybe ikaleta ushindani kwenye njia za visiwa pamoja na kampuni ingine, lakini ushindani ule haukudumu. Wakaaji walifurahia bei kushuka, lakini wazee walijua kwamba njia yenye abiria wachache haiwezi kulisha kampuni mbili.

Tarehe 5 Machi 2020 Flybe ilianguka. Kama Loganair ingekuwa ingali chini ya jina hilo, tikiti za visiwa zingeingia katika matatizo siku ile. Badala yake, Loganair ilitangaza kuchukua njia 16 zilizoachwa. Mwezi wa Oktoba 2022 ndugu Bond walitangaza kwamba wanatafuta wa kuwanunua, kwa sababu wanataka kupumzika. Na kwa mara ingine, kwenye maduka ya Kirkwall, swali lile la zamani likarudi.

Kitu gani kiliwashikilia?

Ukiangalia orodha ya wenye kampuni, unaweza kushangaa kwamba ndege ya Papa Westray ingali inaruka. Si kwa sababu wote walikuwa watu wa huruma. Kuna mambo matatu yaliyoshikilia.

Kwanza, viwanja si mali ya kampuni. Viwanja vya visiwa vidogo vinasimamiwa na baraza la visiwa vya Orkney, baraza linalochaguliwa na wakaaji wenyewe. Kiwanja cha Kirkwall kiko chini ya HIAL, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka wa 1986 kusimamia viwanja vya Uskoti ya kaskazini na visiwa. Mwenye ndege akienda zake, kiwanja kinabaki, na mwingine anaweza kushuka.

Pili, safari za visiwa vidogo zinalipiwa na baraza kwa mukataba. Sheria ya Ulaya ya 1992 iliruhusu serikali kusema: njia hii haina faida, lakini watu wanaihitaji, basi ni huduma ya lazima. Kazi inatangazwa, kampuni zinashindania, na inayoshinda inaandikiwa hesabu ya safari, bei na muda. Kampuni ikiuzwa katikati, mukataba haufutwi.

Tatu, tangu mwaka wa 2006 serikali ya Uskoti inawapunguzia bei wakaaji wa visiwa wanapoenda inchi kubwa. Ilianza na asilimia 40, na mwaka wa 2016 ikawa 50. Pesa zinamufuata mukaaji. Mwenye kampuni akibadilika, haki yake inabaki.

Mambo hayo hayaondoi kila shida. Ukungu na upepo vinafuta safari. Watu wanalalamika juu ya bei na kuchelewa. Tena kazi hii ina hatari yake: mwezi wa Machi 2005 Islander ya Loganair iliyokwenda kuchukua mugonjwa karibu na Campbeltown ilianguka baharini, na piloti pamoja na muuguzi aliyekuwa naye wakafa. Mwaka uliofuata kazi ya ndege za wagonjwa ilipewa kampuni ingine. Huduma haikukatika, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa jina la wagonjwa, si kwa jina la kampuni.

Na huku kwetu?

Ziwa Kivu si bahari ya Orkney, na Idjwi ina watu wengi sana kupita visiwa vyote vile kwa pamoja. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa pale Idjwi anaangalia maji kwa macho yale yale. Anangoja boti. Boti ikijaa kupita kipimo, anapanda tu, kwa kuwa hakuna ingine. Mwezi wa Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaiona kutoka pwani. Tangu mwanzo wa 2025 vita imefunga kiwanja cha ndege cha Goma, na ziwa limebebeshwa muzigo zaidi.

Hakuna anayesema kesho Idjwi ipate Islander. Somo la Orkney linaweza kuanza na boti: bandari iwe ya watu wote, hesabu ya abiria iandikwe na ifuatwe, na safari za wagonjwa zilipiwe kwa mukataba unaojulikana, awe nani mwenye boti. Papa Westray ina watu 90, na kuna karatasi yenye sahihi inayosema ndege itakuja. Idjwi ina maelfu na maelfu. Karatasi yao iko wapi?